Kalolaine Vaipulu, Aliyetaka Kuona Vidonge Vyote

Baada ya miaka thelathini na minne kwenye dirisha la dawa la hospitali yetu hapa Vava'u, Tonga, mfamasia Bi. Kalolaine Vaipulu anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Tangu atoke masomoni Suva, Fiji, hajawahi kumpa mtu dawa bila kumuuliza jambo. Wenye haraka walimwita "Polisi". Naye aliitika.

Udadisi huo tuliujua thamani yake mwaka ule miguu ya Mosese Lolohea, kiongozi wa kwaya, ilipomgomea. Alikuja kuchukua dawa yake ya presha, amlodipini, huku akijikokota. Foleni ikamcheka.

"Kava hiyo, mzee! Umekaa mkekani ukiinywa mpaka miguu imesahau kazi!"

Mosese alicheka pia. Kalolaine hakucheka.

"Kaka, maumivu yalianza lini?"

"Niliporudi kutoka Auckland kwa binti yangu."

"Huko ulianza kula nini kipya?"

"Nyama ya kondoo tu. Ah, na vidonge vya kolesteroli. Nilipewa na daktari wa huko."

"Ulimwambia unameza vya presha?"

"Hakuuliza. Nami sikutaka kumchosha."

Akamuuliza rangi ya mkojo. Foleni ikatega sikio.

"Kama chai ya rangi," Mosese alinong'ona.

Kalolaine alifunga dirisha, akamkimbilia daktari. Vile vidonge vilikuwa simvastatini ya dozi kubwa. Amlodipini huifanya ijazane mwilini hadi iharibu misuli. Misuli ikianza kuvunjika, mzigo huangukia figo. Mosese alilazwa papo hapo, akatundikiwa dripu. Mkewe, Lavinia, alitaka dawa zote zitupwe baharini.

"Za presha haziguswi, mama," Kalolaine alimwambia. "Tunaamua ugomvi tu, hatufukuzi ukoo mzima."

Figo zilipona. Vipimo vilipotulia, daktari alimwanzishia dawa nyingine ya kolesteroli, isiyogombana na ile ya presha, kwa dozi ndogo, akawa anampima mara kwa mara. Krismasi ile Mosese aliongoza kwaya akiwa amesimama, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Tangu hapo Kalolaine alizunguka makanisani akiomba kila mtu alete anachomeza. Vikapu vikaja: vidonge vya hospitali, vya jamaa wa ng'ambo, majani ya bibi, hata mabalungi, maana tunda hilo nalo huzidisha nguvu ya baadhi ya dawa hizi. Mmoja alileta dawa ya minyoo ya nguruwe wake. Kalolaine aliisoma lebo yote, kisha akauliza nguruwe anaendeleaje. Kila mkutano aliufunga hivi: "Usiongeze dawa kimyakimya, wala usiache kimyakimya." Siku hizi wagonjwa humwaga kila kitu dirishani kabla sisi wahudumu hatujafungua kinywa.

Sasa anahamia kisiwa cha 'Eua kwa dada yake, akajifunze kusuka mikeka, kazi anayosema imemshinda tangu utotoni. Tunamhurumia dada huyo kwa maswali yanayomngoja.

Bi. Kalolaine, asante. Tunakuombea afya na siku nyingi za furaha. Miguu yako ipumzike. Udadisi wako usipumzike kamwe.