Balbu Ikififia Msiogope

Sogeeni, wanangu. Suhaib, acha kusimama mlangoni kama mgeni, kaa huku kulia. Moza, wewe kaa kushoto, na msininunie mbele ya mtu anayeaga. Akili yangu ipo, asije mtu akasema kesho mama alikuwa anaweweseka.

Nyumba hii ya mlimani gawaneni kama dini inavyosema, shehe analijua hilo. Langu mimi ni mashine ya baba yenu.

Marehemu Salehe alikuwa fundi mitambo wa redio hapa mjini, na redio ilipoleta vyombo vipya, hii mashine ya kurekodia, kubwa kama kabati, wakataka kuitupa. Akaisukuma kwa mkokoteni kupandisha mawe haya ya Ilemela, majirani wanamcheka, "Salehe, umeoa mke wa pili?" Nami nikamwambia, "Mke mwenzangu huyu akikoroma, mtalala nje wote wawili." Lakini nikamzoea. Mvuke wa ziwa unakula chuma, nikamwekea kapu la mkaa anyonye unyevu. Wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi, namfunika kwa kanga zangu nzuri. Kwenye kanda zake kuna wavuvi, kuna wacheza ngoma, kuna wazee wa Ukerewe waliokwisha tangulia, na baba yenu mwenyewe akihesabu moja, mbili, tatu, anajaribu maiki.

Mimi kusoma sijui, lakini kazi moja alinipa: kutazama balbu. Mashine iliyolala miaka haipewi umeme wote kwa mkupuo, unaupitisha kwanza kwenye balbu ya kawaida. Balbu ikiwaka kali ikabaki hivyo hivyo, ndani kuna ugonjwa, zima haraka. Ikiwaka kali halafu ikafifia, mashine imepokea. Hapo balbu inatolewa, mashine inabaki na umeme wake wote. Yeye nyuma kwenye swichi anauliza, "Mama Suhaib, inasemaje?" Namjibu, "Inafifia." Anasema, "Alhamdulillah, weka chai."

Sasa Suhaib, baba. Siku ya arobaini ya baba yako ulitaka watu wasikie sauti yake, ukaichomeka moja kwa moja ukutani. Moshi ukajaa, watu wakakimbia na sahani za pilau. Na wewe Moza ukamwambia kaka yako mbele ya wageni, "Umemuua baba mara ya pili." Neno zito hilo, mama, na tangu siku ile limelala katikati yenu kama nyoka kitandani.

Najua mnunuzi wa vyuma chakavu wa kule Mkolani anangoja nizikwe alete gari. Watu wanasema Suhaib anataka kumuuzia mashine kwa tamaa. Mimi nimemzaa: si tamaa, ni aibu, kila akipita hapa anauona ule moshi. Lakini, mwanangu, kuvunja kioo hakuondoi kovu usoni.

Basi shikeni neno langu. Mashine haiuzwi, haigawanywi. Moza ameshabadilisha vilivyoungua, amesafisha kwa spiriti na pamba, mikono yake ni ya baba yake kabisa. Lakini swichi ni ya Suhaib. Asiiwashe mmoja bila mwenzake. Wazee walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Mimi nimelima vya kutosha, leo nataka kapu langu nivune.

Mnizike ubavuni kwa Salehe, mapema, watu wasichomwe na jua. Kapu la mkaa mlibadilishe kila masika. Mungu awape riziki isiyo na fitina, awape watoto watakaowasikia kama mlivyonisikia mimi leo, na nyumba hii isikose sauti.

Nipeni maji kidogo... Haya. Suhaib, nenda nyuma. Moza, nigeuze kichwa niione balbu. Suhaib, baba, leo humuui mtu. Bonyeza.

Inawaka... Kali... kali sana... Asiguse mtu, ngojeni... Moza, usimtazame hivyo kaka yako, tazama balbu... Niulize, Suhaib. Niulize kama baba yako...

Eeh.

Inafifia, mwanangu. Inafifia vizuri... Mshike mkono, Moza... mshike... Msiogope.

Sasa toeni balbu.