Salesio Kabanwa, Mama Mkwe Yuko Mlangoni

Benchi letu liko Makutano, kati ya duka la nafaka na kibanda cha chai cha Mukiri, na ukiketi juu yake unatazama moja kwa moja mlango wa choo cha kulipia, ng'ambo ya kibarabara. Si mandhari ya kujivunia, lakini kivuli kipo na chai ina maziwa. Huku kwetu tunalima kahawa na kunywa chai, msituulize. Mbao ya benchi ni ya mti wa mukima, imeng'arishwa na makalio yetu. Mwisho wake, karibu na mtaro, ndipo Salesio anaposhonea viatu vya watu. Wengine ni Injinia, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye hajawahi kuona tatizo lisilohitaji kukatwa kwa moto. Askofu, ambaye kanisani kwao kazi yake ni kupanga viti. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kusikiliza. Alhamisi hiyo Salesio alikunywa vikombe viwili vya chai bila kufikiri, na hapo ndipo matata yalipoanza.

ASKOFU: Salesio, mbona unatikisa mguu hivyo? Benchi yote inacheza.

SALESIO: Nimebanwa, baite, wenzangu.

INJINIA: Si uende? Choo ni hiyo hapo. Ata ukitema mate inafika.

SALESIO: Siwezi.

INJINIA: Huna kumi? Mimi nitakulipia.

SALESIO: Shida si kumi. Angalia ni nani amekaa hapo mlangoni.

Tukaangalia. Mzee Mbogo aliyekuwa akishika mlango ule alikuwa amerudi kwao Embu kulima, na tangu Jumatatu mahali pake palikaa mama mmoja wa leso ya kijani, mkebe wa pesa magotini, karatasi za choo amezikunja vizuri kama nguo za mtoto. Tulikuwa tukimsalimia kila asubuhi, na hakuna aliyejisumbua kuuliza ni nani.

SALESIO: Huyo ni Mama Ciakuthii. Amemzaa Kawira wangu.

ASKOFU: Mama mkwe?

SALESIO: Mama mkwe.

Kila mtu akameza chai yake polepole. Huku kwetu mtu na mama mkwe wake wana nthoni, ile heshima ya kuoneana haya. Humpi mkono, huketi naye meza moja, na mkikutana njiani unampisha hata kama ni kuingia mtaroni. Sasa wewe umwendee mchana kweupe, umpe sarafu, naye akuulize ni haja ndogo ama kubwa ndiyo ajue akupe karatasi ngapi! Kawira angekuwa amepata habari kabla mume wake hajafunga zipu.

MIMI: Na hukutuambia!

SALESIO: Ningesemaje? Nilifika Jumatatu nikamkuta ameshapewa kazi. Akaangalia chini, nikaangalia chini. Tumeangalia chini mpaka leo.

MIMI: Na hizo siku zingine umekuwa ukienda wapi?

SALESIO: Wapi sijaenda? Kwa benki, soja anataka namba ya akaunti. Kwa petroli, choo iko lakini ufunguo ako nayo meneja, na meneja ako Nkubu. Ile hoteli ya juu wakasema ni ya wateja. Nikanunua mandazi, wakasema mteja ni mtu wa nyama. Kanisani niliingia mbio, wakadhani nimekuja kuokoka. Nikawekewa mikono na wazee wote. Nilitoka nimeokoka, na bado nimebanwa.

ASKOFU: Si ungeenda tu nyuma ya lori kama wanaume wengine?

SALESIO: Nilienda jana. Lori ikaondoka kabla sijamaliza. Steji nzima ikanipigia makofi.

Tulicheka mpaka Injinia akamwagikiwa na chai. Salesio hakucheka. Alikuwa ameshika sindano mkono mmoja na sandali mkono mwingine, jasho linamtoka, na kusema kweli nilimhurumia.

ASKOFU: Sikiza. Unazirai. Tunakubeba sisi watatu, tunapita hapo tukipiga nduru. Mgonjwa hana nthoni.

MIMI: Na mama akija kumpepea na leso?

SALESIO: Nitakufa kabisa.

INJINIA: Wachana na hizo za kanisa. Ukuta wa nyuma ni mabati. Nakuja na mashine, nakata mlango mdogo kama wa kuku. Unaingia kwa magoti, unatoka kwa magoti. Ata naweka bawaba.

ASKOFU: Na kama upande huo ni wa wanawake?

INJINIA: Tunakata mbili.

MIMI: Ama tumvalishe rinda ya Mukiri.

MUKIRI: Rinda yangu ikae hapo ilipo!

INJINIA: Basi bomba. Inatoka hapa chini ya benchi, inapita chini ya barabara, inaingia kwa shimo. Mtu anamaliza mambo yake akiendelea kushona.

ASKOFU: Mimi naona amrudishe Kawira kwao, leo pekee. Hapo huyo hatakuwa mama mkwe, ni mama tu. Anaenda, anarudi, kesho anaoa tena.

SALESIO: Na mbuzi wa kwanza walivyonisumbua, nitoe wengine juu ya mkojo?

Sasa, sandali aliyoshika ilikuwa ya msichana mmoja, Kinya, mwanafunzi wa huko Nchiru. Alikuwa amekuja kushonewa ukanda uliokatika, na muda huo wote alisimama kwa mguu mmoja akitusikiliza.

KINYA: Wazee, samahani. Huyo mama naye akibanwa, huwa anaenda wapi?

INJINIA: Si ako na choo nzima hapo nyuma yake?

KINYA: Ataingiaje, na mkwe wake amemwangalia tangu asubuhi?

Tukageuka tukamtazama Mama Ciakuthii. Alikuwa amekunja miguu, amebana midomo, na sarafu zilikuwa zikicheza mkebeni jinsi benchi lilivyokuwa likicheza chini yetu. Niliona aibu. Siku zote hizo tulikuwa tumemzingira mama wa watu kwa macho huku tukinywa chai.

SALESIO: Tangu Jumatatu, jamani.

Hakuna aliyetoa amri. Tulisimama, tukainua benchi, tukaligeuza, tukaketi tukitazama ukuta wa duka la nafaka. Mwenye duka akatoka, akatuona tumejipanga mbele ya ukuta wake, akarudi ndani taratibu. Nyuma yetu tukasikia komeo. Kimya. Tena komeo.

INJINIA: Amerudi kwa kiti?

ASKOFU: Usigeuke! Kinya, mwanangu, wewe huna nthoni na yeye. Tuangalilie.

KINYA: Amerudi. Lakini amegeuza kiti. Anaangalia ukuta. Mkebe ameuweka chini, nyuma yake.

SALESIO: Na karatasi?

KINYA: Iko juu ya mkebe. Mingi.

Salesio hakungoja zaidi. Tulisikia viatu vyake vikivuka barabara, sarafu ikilia mkebeni, komeo, halafu kimya kirefu cha mtu anayemshukuru Mungu kwa dhati. Aliporudi alitembea kama mtu aliyerithi shamba, akaketi, akanyoosha miguu. Askofu akampiga bega. Mimi mwenyewe nilijisikia vizuri, kana kwamba nimejisaidia mimi.

KINYA: Fundi, sandali yangu iko wapi?

Salesio akaangalia mkono wa kulia. Akaangalia wa kushoto. Alikuwa ameingia nayo chooni, na huko ndiko ilikobaki.

SALESIO: Mukiri, nimwagie chai. Kikombe kikubwa.