Tarumbeta ya Bénédicte

Kijiwe chetu hapa Juru, kwenye makazi ya wakimbizi, ni ubao mrefu nje ya kibanda cha Patient, muuza kahawa, na wiki zile za mwaka 2013 hatukuwa na neno lingine ila tarumbeta ya Bénédicte. Mama huyu, mkimbizi kutoka mji wa Baraka, muuza maharage, aliwahi kupiga katika bendi ya kanisa lao. Vita vya 1996 vilipofika alikimbia na mtoto mgongoni, tarumbeta ikabaki. Sasa mzee Eriya, mstaafu wa bendi ya jeshi kule Mbarara, alikuwa amempa moja kuukuu, iliyobonyea ubavuni.

Tabu ni kwamba nyumba yake ilikuwa nusu nyumba. Katika nusu ya pili, nyuma ya kipande cha turubai, alikaa Rwakabuba, tunayemwita Zamu kwa sababu analinda ghala la mahindi usiku na kulala mchana. Na midomo ya Bénédicte ilikuwa imesahau kazi. Sauti iliyotoka ilikuwa ya ndama aliyenaswa kwenye seng'enge.

Asubuhi moja Zamu alifika kijiweni macho mekundu. Alikuwa amesinzia lindoni, tajiri akamwambia akirudia atafute kazi nyingine. Alikuwa njiani kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba tarumbeta ichukuliwe.

– Huyo mama anataka bazungu benye kuhamisha bakimbizi bachoke na makelele, bamutume Kanada mbio, alisema Anatole, tunayemwita Avokati, yaani wakili, kwa ubishi wake.

– Kanada wapi? Patient akamjibu. Hiyo ni ya jeshi. Iko anaita basoda. Siku moja kambi yote ya Mbarara itafika hapa kuniomba kahawa.

Zamu alikuwa na lake: ndani ya tarumbeta imebaki pumzi ya askari aliyekufa, nayo inalia itolewe. Avokati akataka kujua pumzi hiyo ilikuwa na cheo gani.

Mugisha, mnunuzi wa maharage kutoka Rugaaga, alikuwa amekaa nasi kwa mara ya kwanza. Akaweka kikombe chini.

– Huyo mama, nani ameuliza yeye?

Tukatazamana. Zamu aliinuka, lakini hakwenda kwa mwenyekiti. Alikwenda nyumbani, nasi nyuma yake, akamuuliza Bénédicte kwa adabu ile tarumbeta ni ya nini.

– Mtoto wangu Mariette anaolewa siku ya kugawa posho, Jumamosi, kisha wiki mbili, akasema. Siku alizaliwa, baba yake alimuahidi: nitakupigia tarumbeta toka nyumbani mupaka kanisani. Alikufa ku vita. Ile ahadi iko yangu sasa.

Zamu alifikicha macho yake mekundu.

– Basi kuja upigie ku kijiwe, mama Mariette. Mi nilale.

Ndivyo ubao wetu ulivyopata mwanamuziki. Kila akimaliza kuuza maharage alikaa katikati yetu na kupuliza, mashavu yamevimba, machozi yakimtoka kwa nguvu anazotumia. Tulibishana juu ya kila sauti kama watu wanaojua. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Wiki ya pili, siku moja, sauti ilitoka nzima, na Patient akasahau kumimina.

Jumamosi, Mariette alitoka mlangoni na gauni lake. Bénédicte alipuliza, sauti ikapasuka, mtu mmoja akacheka. Alifuta midomo kwa kitenge, akavuta pumzi, akaanza upya. Safari hii ilitoka nyoofu, ikapanda juu ya mashamba ya mahindi hadi kilima cha pili. Wenye baiskeli walishuka. Wanawake waliacha majembe, wakaja na vigelegele. Zamu, ambaye hakuwa amelala hata kidogo, alitangulia na koti lake la ulinzi akifungua njia, huku akicheza.

Mlangoni mwa kanisa Bénédicte aliishusha tarumbeta. Midomo ilikuwa imevimba. Mariette alimshika mkono, akamuuliza kama amechoka.

– Bado, alisema mama yake, akaipandisha tena mdomoni.