Chungwa la Dirishani kwa Léona

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Ni Télesphore wenu, hapa redio ya mji wetu wa Binche. Mchoraji wetu Léona Fauquet alifariki Alhamisi, akiwa na miaka themanini na minne. Narudia: Léona Fauquet, yule wa dirisha la chungwa, hatunaye tena.

Alizaliwa mtaa huu huu, binti wa fundi viatu. Alichora vitu tunavyovijua sote, ila alivikalisha mahali pasipo pake. Ngazi imelala kitandani, imejifunika shuka. Samaki amevaa koti la padri. Mama yake alikuwa akiwaambia wageni, "Mwanangu ana akili timamu, brashi yake tu ndiyo imerukwa." Alisema hivyo akicheka, na picha zote alizitundika sebuleni.

Kaka yake, Octave, alikuwa Gille kama mimi, mmoja wa wanaume wanaocheza mitaani siku ya kanivali na kuwarushia watu machungwa. Miaka thelathini na moja iliyopita, wiki moja kabla ya kanivali, Léona alionyesha picha mpya. Magille arobaini wanaandamana, na chini ya kila kofia ya manyoya ya mbuni, badala ya kichwa, pana birika la kahawa. Mji ukawaka moto. "Ametufanya mabirika!" tulifoka baani. Octave akamjia juu dada yake mbele za watu: "Iondoe, Léona, la sivyo Jumanne chungwa langu litapita kwenye kioo chako!"

"Lete," akamjibu. "Nitalimenya."

Jumanne ya kanivali ikafika. Nyumba zote zilifunikwa nyavu za waya madirishani kuzuia machungwa, isipokuwa ya Léona. Kila mwaka alikataa, akisema hataki kututazama kupitia chekecheo. Chungwa letu ni zawadi, wasikilizaji. Hurushwa taratibu, mtu alidake. Lile lilivurumishwa kwa nguvu zote, na kioo kikavunjika. Léona alipochungulia aliona migongo na manyoya tu, sote tumevaa sare moja, sote tumejazwa nyasi kavu vifuani kama ilivyo desturi ya Magille. Akakumbuka maneno ya kaka yake. Hakusema naye tena. Miaka thelathini na moja, hakusema naye tena.

Kioo hakukirudisha. Aliweka ubao, akachora juu yake dirisha zima, na mbele ya kioo chungwa limebaki hewani, bado kidogo tu liguse. Watu walitoka mbali kuja kulipiga picha. Mimi mwenyewe nimelisifu kwenye kipindi hiki mara chungu nzima, kwa mbwembwe zangu zote. Na kila kanivali nilipita chini yake nikitazama viatu vyangu vya mbao.

Ijumaa Octave alikuja hapa studio, anatembea kwa mkongojo. "Télesphore, rafiki yangu," akasema, "ameacha maandishi nisilifuate jeneza lake. Sema redioni kwamba sikuwa mimi. Nilimwapia mlangoni kwake, akanifungia. Wewe watu wanakuamini."

Nikashika birika, nikammiminia kahawa. Nikamwambia nitaona. Aibu gani hii, wasikilizaji? Nilimwambia nitaona!

Basi sikilizeni. Octave Fauquet hakuvunja dirisha la dada yake. Narudia: Octave hakuvunja. Nilivunja mimi, Télesphore. Wenzangu walicheka, nikavimba kichwa, nikanyamaza. Nikadhani watapatana kabla ya Pasaka. Pasaka ikapita, na nyingine, na kila mwaka ulinizidishia woga. Léona ameondoka akimchukia mtu asiye na kosa. Nyumba yake ni hatua mia mbili kutoka hapa, na sikuzitembea.

Poleni sana, familia ya Fauquet. Pole, Octave. Msamaha siombi hewani. Nitakuja mlangoni kwako. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu anayebeba kosa lenu, zimeni redio mwende kwake sasa hivi.

Mazishi ni kesho, saa nne asubuhi. Octave atatembea mbele ya waombolezaji wote, nyuma tu ya jeneza. Mkiona mtu anamzuia, mwambieni amzuie Télesphore.