Mzee Mwavuli, Aliyebeba Kosa Lisilo Lake

Naomba mkae. Walio juani wasogee upande wa ukuta, kuna kivuli. Hiyo si amri yangu, ni ya marehemu. Aliandika kwa mkono wake kwenye karatasi aliyomwachia mama: "Wasifu usizidi dakika kumi, na mtu asisimamishwe juani." Baba mdogo amesema kwetu hakuna mazoea ya kusomeana makaratasi kabla ya kumtoa maiti, na hajakosea. Lakini mtu aliyewagawia wageni ratiba kila asubuhi kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, mnadhani angeondoka bila ratiba?

Mimi ni binti yake wa pili, yule mpishi. Nitamwita marehemu kama inavyotakiwa, ingawa jana asubuhi nilimwita baba na akaitika. Kwa miaka tisa imesemwa mjini hapa kwamba marehemu aliwalisha wageni haramu kwa uzembe wake. Karatasi ya wasifu mliyogawiwa haina habari hiyo, maana baba mdogo aliona tuipitie kimya kimya. Mimi nitaisema yote, kwa sababu siwezi kumzika baba yangu na jina lile. Mama amenipa ruhusa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956, mtoto wa tatu kati ya sita wa mpakia mizigo wa bandarini na mkewe mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la samaki. Bibi alikuwa akisema huyu alitanguliza miguu kuzaliwa, na miguu hiyo haikutulia tena. Akitumwa chumvi alirudi na chumvi pamoja na habari za mitaa mitatu.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1964, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1975. Somo lake lilikuwa jiografia. Siku moja mwalimu alimwita ubaoni achore ramani ya shule. Akachora madarasa, kisima, choo, na kwa uaminifu wake akachora pia tundu la uzio ambalo wenzake walitorokea. Kesho yake tundu likazibwa. Darasa zima lilimnunia wiki mbili, naye alijitetea kwa sentensi moja tu: "Niliambiwa nichore kila kitu."

Mwaka 1977 aliajiriwa kubeba mizigo katika hoteli moja ya ufukweni, akapanda hadi mapokezi, na mwaka 1988 akapata kibali cha kutembeza wageni. Mwavuli wa kijani aliununua mwaka huo huo, akawa anauinua juu umefungwa ili wageni wasimpotee. Mvua ilimkuta nao mara nyingi. Aliinua mwavuli umefungwa vile vile, maji yakimchuruzika hadi viatuni. Wageni wakamwambia aufungue, akasema akiufungua hawatamjua tena kati ya miavuli mingine. Ndipo mji mzima ukaanza kumwita Mzee Mwavuli, na hata mama alipokasirika nyumbani alimwita hivyo.

Ziara iliyomfanya ajulikane aliianza Julai 1996. Alikuwa amepita kwenye korido ya hoteli akaona familia ya Kiislamu ya watu saba wameketi chini chumbani, mlango wazi, wanakula mikate mikavu waliyokuja nayo safarini. Ilikuwa siku yao ya tatu. Chini kulikuwa na meza ya vyakula arobaini, lakini hakuna aliyeweza kuwaambia kipi kimepikwa kwa nini. Marehemu alirudi nyumbani hakula. Alimwambia mama, "Watu wametoka mbali waje kutazama bahari, wanashinda na njaa katikati ya chakula. Aibu hii ni yetu."

Kwa hiyo akatengeneza siku nzima ambayo Mwislamu angetembea mjini bila wasiwasi. Walianza saa mbili asubuhi kwenye ngazi za jengo la zamani la forodha. Wakaenda karakana ya mfinyanzi, wakaenda msikiti wa kale wa mawe, wakafika ufuoni upande uliozungukwa na ukuta, akina mama wakaogelea kwa raha zao. Adhuhuri iliwakuta mahali penye maji ya kutawadha na mikeka safi. Kila kituo alikikagua jana yake peke yake. Alifungua bomba aone kama linatoa maji au linakohoa tu. Aliingia majikoni akanusa mafuta, akauliza kisu hiki kimekata nini. Wapishi walimchoka. Akiingia walisema, "Polisi huyo," naye aliitikia, "Naam, afande yupo," na akaendelea kufunua masufuria.

Alimwoa mama yetu tarehe 9 Novemba 1985. Mama alikuwa karani wa posta aliyemkatalia barua kwa sababu anwani haikukamilika. Akarudi mara nne na barua ile ile, kila mara amekamilisha kipande kimoja tu. Mara ya tano mama akamwambia, "Sema unachotaka, watu wako nyuma yako kwenye foleni." Akasema. Foleni ikapiga makofi. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa nafika pale ambapo karatasi yenu inaruka.

Mwaka 2013 nilianza kazi kwenye mgahawa wa ghorofani unaotazama bandari, kama mpishi wa vitamutamu. Wageni wa marehemu walikula hapo mchana. Kila asubuhi saa tatu alikuja kwenye mlango wa jikoni, akauliza swali lile lile: "Kuna kipya?" Maana yake ni kama kumeingia boksi, kopo au chupa ambayo yeye hajaisoma. Kikiwepo, alivaa miwani akasoma kila mstari. Kisipokuwepo, alisema "Haya" akaenda zake.

Tarehe 2 Februari 2015 ilikuwa Jumatatu. Jelatini yetu ilikuwa imekwisha, ule unga wa kugandisha pudini ambao hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Mtunza stoo alileta nyingine kutoka kwa muuzaji mwingine. Boksi lilikuwa na rangi zile zile, nyeupe na buluu, ila maandishi yalikuwa ya lugha nisiyoijua. Niliona. Nataka mnielewe vizuri: niliona. Nilikuwa na pudini arobaini za kuwahi, maziwa yako motoni, na mlangoni baba anauliza, "Kuna kipya?"

Nikasema, "Hakuna kipya, baba."

"Haya," akasema.

Siku kumi na moja tuliendelea hivyo. Tarehe 12, mgeni mmoja, mama mfamasia, aliipenda ile pudini mpaka akaomba aje jikoni aandike jinsi inavyopikwa. Marehemu alimleta mwenyewe, anatabasamu, anamwambia, "Huyu ni binti yangu." Yule mama akalichukua boksi, akashusha miwani kutoka kichwani, akasoma. Lugha ile aliijua. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii ni ya nguruwe. Hukuambiwa?"

Marehemu alinitazama. Nilianza kufuta meza iliyokuwa safi. Yeye akamgeukia yule mama, na mwenye mgahawa ambaye alikuwa ameshafika, akasema, "Kusoma maboksi ni kazi yangu. Sikusoma. Kosa ni langu."

Mwenye mgahawa yuko hapa, amekaa pale karibu na mlango. Miaka tisa unanilipa mshahara bila kujua hili. Utakaloamua baada ya leo nitalipokea.

Jioni ile nilimfuata uani nikilia. Nikamwambia nitakwenda kesho kusema kwamba aliniuliza na nilimdanganya. Akasema, "Una miaka ishirini na mitatu. Mpishi akishasemwa kwamba alijua akanyamaza, nani atakula mkononi mwake tena? Mimi hata wakinisema, nitatembea tu. Miguu haisemwi."

"Lakini si kweli, baba."

"Mungu anajua ni kweli ipi. Nikiwa hai usilifungue hilo. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Ndilo jibu baya kuliko yote niliyowahi kumpa, na lile la mlangoni linafuata.

Katika daftari lake la wageni alihesabu watu mia moja sitini na watatu waliokula siku zile. Imamu alimwambia kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi. Marehemu akamjibu, "Wao hawana. Mimi ndiye niliyewahakikishia." Aliwaandikia barua wote, mmoja mmoja kwa jina lake, akiomba radhi kwa uzembe wake. Mama alikagua anwani kama enzi zake za posta. Mimi nilibandika stempu. Nilibandika stempu mia moja sitini na tatu juu ya uongo uliokuwa unanilinda, na baba yangu ameketi mbele yangu, kidole kimeingia wino.

Walijibu hamsini na wawili. Wengi walimsamehe. Mmoja aliandika kwamba hatamsamehe, na barua hiyo marehemu aliikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati. Aliihamisha kila alipobadili shati. Jana tumeikuta mfukoni.

Kampuni iliyomletea wageni ikakatisha mkataba. Hoteli ikalibandua tangazo lake ukutani. Vijana wa teksi wakaacha kumwita Mzee Mwavuli, wakamwita Mzee Pudini, na waongozaji wenzake waliokula nyumbani kwetu wakampa kisogo. Wengi wenu mmo humu uani. Nimewaona asubuhi mkichota maji ya kumwoshea, na ninawashukuru, lakini sitasema sikuyasikia yale. Alitoka kwenye wageni kumi na sita kwa siku, akabaki na wawili, watatu. Kuna siku nilichungulia dirishani mgahawani nikamwona anapita barabara ya bandari, mwavuli juu, na nyuma yake hakuna mtu. Nilirudi kwenye meza yangu nikaendelea kukoroga. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Wageni wake wachache aliwahamishia kwenye jiko lingine, na huko alisoma kila boksi, hata la chumvi. Lakini nyumbani nilipopika, alikuja kwenye mlango wa jikoni jioni akauliza, "Kuna kipya?" Nikasema hakuna. Akasema "Haya", akakaa, akala. Miaka tisa hakufunua sufuria yangu hata mara moja. Nilitamani afunue. Nilitamani anitukane. Aliniamini tu, akaomba aongezewe.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2022. Kuanzia Septemba alisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Wodini hakukaa kigonjwa. Aliyeingia mara ya kwanza, marehemu alimwonyesha choo, kibla, kitanda kisichopigwa na feni, na muuguzi ambaye sindano yake haiumi. Wauguzi walimwita Mwenyeji. Mmoja aliniambia jana, "Dada, leo amekuja mgonjwa mpya, akasimama mlangoni hajui aende wapi. Sote tukageuka kumtafuta mzee."

Jana, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa moja asubuhi, nilimpelekea uji. Mikono ilikuwa imeshakosa nguvu, nikamnyanyua kichwa. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ndogo, "Kuna kipya?"

Nikasema, "Hakuna kipya, baba."

"Haya," akasema, akanywa vijiko viwili. Saa nne na dakika kumi akafariki, mama ameshika mguu wake wa kulia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, mdogo wake wa kiume na dada yake mmoja. Ameacha daftari lenye majina ya wageni elfu nane na zaidi. Ameacha mwavuli wa kijani ambao umebadilishwa kitambaa mara tatu. Watu mia moja sitini na watatu wataandikiwa barua tena, na safari hii sahihi itakuwa yangu. Nitaanza na yule mmoja.

Ni kawaida kuwauliza waliofika kama kuna mwenye kinyongo na marehemu. Mwenye kinyongo cha jambo lolote lingine amwone baba mdogo. Mwenye kinyongo cha pudini asimguse marehemu. Anione mimi, ninakaa hapa hapa.

Dakika kumi zimepita, nisamehe. Uliniambia nisiseme ukiwa hai, nami nimekutii mpaka jana. Baba, leo kuna kipya. Wameshajua. Teremsha mwavuli sasa, upumzike kwa amani.