Siku Binti Yangu Aliponichorea Mlango

Wazazi wenzangu wa watoto wasiosikia, mnivumilie. Mimi nauza samaki wakavu wanaotoka ziwani, Pweto. Nimezoea kuita wateja, sijazoea kusimama mbele ya watu waliotulia hivi. Lakini mama anayetuongoza katika maombi haya ameniambia, "Sema tu sawa vile unasemaka ku nyumba." Basi nasema.

Binti yangu alizaliwa akisikia. Alikuwa ameanza kusema "mama" na "mayi" akitaka maji, na kuita mbwa wa jirani. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamshika. Tulitoka hospitali akiwa mzima, tukamshukuru Mungu. Tulipofika nyumbani, kule Ruashi, sufuria ikaniponyoka ikaanguka nyuma yake. Hakugeuka.

Ninyi mnaijua siku ile. Yale maneno machache aliyokuwa nayo yakapotea moja moja. Shule ya watoto wadogo ikamrudisha: anauma wenzake, hatulii. Kila asubuhi nilipoinua beseni langu kwenda soko, alijitupa chini, akashika kitenge changu, akalia mpaka akatapika. Dada yangu hakuweza kumtuliza. Nikaacha soko. Nikaacha hata kuja kuomba. Tulikaa ndani sisi wawili, tunatazamana, na sikujua kichwani mwake kuna nini. Ndugu zangu, nawaambia, nilifika mahali pa kuamini kwamba ile homa imefagia vyote.

Jirani yetu ni mwalimu wa kompyuta kwenye sekondari. Alimwona mtoto akitazama picha kwenye simu yangu bila kuchoka. Akaniletea kompyuta ya zamani ya mume wake, iliyokuwa imezeeka mpaka kuiwasha tu ni kazi. Akafuta vyote vilivyokuwemo, akaweka Linux, ile programu kubwa inayoendesha mashine nzima, na hailipiwi. Akafungua mahali pa kuchukulia programu, akaandika *éducation*. Michezo ya watoto ikajipanga mpaka chini.

"Kamata yenye unapenda," akaniambia. "Yote iko ya bure."

"Bure namna gani? Banani njo balitengeneza?" Nilitaka kujua ni akina nani.

"Bantu ba mbali. Balitengeneza, bakaachia bantu bote."

"Na habatujue?"

"Habatujue, mama."

Mimi ni mtu wa soko, najua kila kitu kina bei. Mtu aliketi mahali fulani duniani, akafanya kazi kwa ajili ya mtoto ambaye hatamwona kamwe.

Tulianza na mchezo mmoja mkubwa wenye mingine mingi ndani, unaitwa GCompris. Ukilisoma jina kwa Kifaransa, ni kama kusema "nimeelewa". Lakini sehemu tuliyofungua ilikuwa inataja herufi kwa sauti, na mtoto aitafute. Binti yangu alingoja, akatazama midomo yetu, kisha akasukuma kipanya kikaanguka. Nikataka kuzima.

"Ngoja kwanza," mwalimu akasema. "Tutafute yenye inapita ku macho."

Tukatafuta humo humo. Tukapata kadi za kufunua mbili mbili zinazofanana. Wazazi, mtoto yule alitulia. Akazifunua, akatushinda wote wawili. Kisha mwalimu akaweka mwingine, Tux Paint, wa kuchora.

Asubuhi moja umeme ulikuwepo, nami nikajaribu tena kwenda soko. Mtoto akanishika mkono, akanivuta mpaka kwenye kompyuta. Akachora mlango. Nje ya mlango, mtu mkubwa mwenye beseni kichwani. Ndani, mtu mdogo. Halafu akachukua rangi nyeusi, akampaka yule mkubwa mpaka akapotea kabisa. Akageuka, akanitazama.

Hapo nikaelewa. Kumbe kila asubuhi alidhani naondoka nisirudi tena. Mtoto anayesikia unamwambia, "Nitarudi." Wangu sikuwa na njia ya kumwambia. Na humo ndani, nilimodhani hamna kitu, mlikuwa na mawazo yote haya, yanangoja njia.

Nikaketi. Nikachora yule mkubwa tena, beseni tupu, amefika mlangoni, kando ya mdogo. Mtoto akaweka kidole juu ya yule mkubwa, kisha juu ya kifua changu. Nikamwachia dada yangu, nikatoka. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nimesimama njiani, watu wananipita.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu, dada yangu, na wale watu wa mbali wasiotujua. Na ninyi, kama kuna mashine ya zamani nyumbani, msiitupe. Mwalimu amekubali kuwasaidia. Na mtoto asiposema, msiseme hana neno. Tafuteni njia yake, na ya kwanza ikikataa, tafuteni nyingine.

Jina lake sijalitaja. Yuko pale nyuma, mwenye gauni la kijani. Herufi sasa amezijua, kwa macho, kwenye mashine ile ile. Mkitaka kulijua, mpeni kalamu. Ataliandika mwenyewe.