Mkojo wa Papa Sans Sel

Pale barabara ya Kirumba inapoingia Butembo, mbele ya duka la misumari, Mama Florentine huuza kahawa kando ya benchi linaloyumba. Wanaoketi hapo wana majina ya hapo hapo. Zacharie ni Docta, kwa kuwa ana dawa ya kila kitu. Manassé ni Avocat, yaani wakili, kwa kuwa hakubali kitu. Siméon, tangu figo zake zichoke na akatazwe chumvi, ni Papa Sans Sel, Baba Bila Chumvi. Asubuhi hiyo alifika kamba za viatu zimeachwa wazi, miguu imevimba.

Alikuwa ametoka hospitali. Walikuwa wamempa bidon, dumu la plastiki, akusanye humo mkojo wote wa mchana na usiku, wapime chumvi iliyomo ndipo wajue anayokula.

— Muganga wa hospitali anasema ninakula chumvi sawa mutu asiye na ugonjwa.

— Mukojo iliona jikoni yako? akauliza Manassé.

— Haikuona. Lakini iko inajua.

Zacharie akasema kwa sauti ya chini kwamba hata padri anapoungamisha humwachia mtu nafasi ya kuficha kidogo.

Kisha wakaanza kutafuta mlango chumvi ilikopitia. Zacharie alisema ni vumbi la malori. Manassé alisema jasho likikauka hurudi ndani. Zacharie akaongeza kwamba mtu akilia usingizini humeza machozi yake mpaka asubuhi. Siméon alishika kikombe bila kunywa. Muganga alimwambia mambo yakiendelea hivi figo zitakufa kabisa, na anayeshika chungu chake ni mmoja tu, mke wake Kanyere.

— Leo nitamuuliza. Labda bibi ananiua, na miye ninamushukuru kila jioni.

Manassé akakataa. Kanyere huyo huyo anafunga na kuomba kwa ajili ya figo hizo. Akamuuliza Siméon anampikia nini.

— Maharagi na jiwe. Majani na jiwe. Chumvi, hapana hata kidogo.

Mwanamke aliyekuwa akisubiri kahawa, mgeni aliyehama kutoka Mangina, akageuka.

— Pardon, ba papa. Jiwe gani?

Wakamweleza kwa zamu. Ni lile la kijivu, linatoka ziwani upande wa Uganda. Mama huvunja kipande, hutupa chunguni, maharagwe yanalainika upesi. Si chumvi. Chumvi ni nyeupe na inauzwa katika mfuko. Hili linaitwa jiwe.

— Na iko na utamu gani mu kinywa?

Watatu hao wamelila tangu utoto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulitia kinywani peke yake.

Siméon akaweka kikombe chini, akaanza kupanda kilima kuelekea kwake, polepole, kwa sababu ya miguu.

— Unaenda kumuuliza Kanyere? Manassé akamwita.

— Hapana. Ninaenda kulamba jiwe.